Barua ya wazi: Rudisheni picha za familia zetu, na majina yaliyoandikwa nyuma yake

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Mwenyekiti wa Halmashauri,
Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: KUREJESHWA KWA PICHA, ALBAMU NA MADAFTARI YA HISTORIA ZA FAMILIA YALIYOCHUKULIWA MWAKA 2021

Ndugu Mkurugenzi, Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Madiwani, kamwene, yaani salamu zetu kwa Kihehe.

Rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Mnakifahamu, maana ndicho kilekile kilichokuwa kwenye barua zetu za awali, zile zilizopokelewa masjala, zikagongwa mhuri, na mpaka leo hazijajibiwa. Tumepita kwa mtendaji wa kijiji, kwa mtendaji wa kata, kwa diwani, hadi ofisi ya utamaduni, na kila tulipofika tulielekezwa kwingine. Ndiyo sababu sasa tunaandika hadharani. Jina la halmashauri hatulitaji. Wenye vitu vyetu stoo watajitambua wenyewe. Na ninyi wasomaji wengine wa Iringa, Njombe na Mbeya, tunawaomba muisome barua hii kabla hamjamkabidhi albamu yenu mtu yeyote mwenye kitambulisho cha kazi na maneno mazuri.

Kwa asiyejua kisa chenyewe: mwishoni mwa 2021, nchi ilipokuwa inajiandaa kuadhimisha miaka 60 ya Uhuru, iliundwa kamati ya kukusanya historia ya wilaya. Nia ilikuwa njema, yawe maonesho ya picha kwanza, kisha kitabu. Vijana wa kamati walipita vijijini wakiongozana na watendaji, wakaomba picha za zamani na maandishi yoyote ya wazee. Watu walitoa. Huku kwetu mgeni akiletwa na mtendaji hafukuzwi, na zaidi ya hapo tulifurahi. Kwa mara ya kwanza tuliona serikali inauliza habari za waliochuma chai na pareto, siyo za waliokuja kuzindua. Wakachukua albamu nzima nzima, fremu zilizokuwa ukutani, vyeti vya ubatizo, vipande vya manamba, yaani kadi za kazi za vibarua wa mashamba makubwa, na madaftari. Wakaahidi kurudisha baada ya sherehe. Hati ya makabidhiano haikuandikwa. Kilichoandikwa ni jina la mwenye kaya na neno "picha", kwenye karatasi ambayo leo hakuna anayeiona.

Naomba nieleze kwanza vilivyomo, kwa sababu nahisi ofisini vinahesabika kuwa makaratasi ya zamani tu.

Kwenye albamu ya ukoo wetu kulikuwa na picha ya babu mkubwa akiwa na sare za Keya, yaani KAR, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza, iliyopigwa studio kabla hajapelekwa Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kulikuwa na picha ya bibi akiwa msichana, amesimama mlangoni mwa jiko la kambi ya Ifunda, enzi zile Wapolandi waliokimbizwa na vita hiyohiyo walipowekwa Ifunda na Kidugala, kabla Ifunda haijawa shule ya ufundi. Kulikuwa na wajomba zetu wamejipanga kwenye reli ya TAZARA pamoja na fundi wa Kichina, na nyuma ya picha jina la fundi huyo limeandikwa kama masikio yao yalivyolisikia. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kila mtoto wa shule anafundishwa nani aliifadhili. Majina ya vibarua waliobeba mataruma kuelekea Makambako utayapata kwenye picha za namna hii, nyuma yake, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne.

Jirani yetu yeye alitoa picha za mahame yao, zilizopigwa kabla familia haijahamishwa wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974. Nyumba ile haipo tena, na pale ilipokuwa leo ni shamba la parachichi la mtu mwingine. Lakini kwenye picha unaona nyumba, unaona njia, na kushoto kwa njia unaona kaburi la baba yao lenye msalaba wa mti. Mnaoshughulika na migogoro ya ardhi kila wiki hamhitaji mimi niwaambie picha hiyo ina uzito gani siku wazee wakiulizwa makaburi yao yako wapi.

Na lipo daftari. Babu mzaa baba alikuwa karani kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, na katika kaunta buku ya kurasa nyingi aliandika ukoo kuanzia babu yake mwenyewe. Miaka mingine ameipa tarakimu, mingine ameiita kwa tukio: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka tulipohamishwa. Ameorodhesha waliokwenda manamba kwenye mkonge, Tanga na Morogoro: nani alirudi, nani alirudi na mke, nani alioa hukohuko akabaki. Mbele ya majina mawili hakuandika kitu, amepiga mstari tu. Pembeni mwa ukurasa mmoja ameandika bei ya blanketi, sijui ilimhusu nini, lakini ni mwandiko wake. Baba alipofariki, Mahakama ya Mwanzo ilitaka muhtasari wa kikao cha ukoo ndipo msimamizi wa mirathi ateuliwe, na kikao kile kiliendeshwa daftari likiwa mezani. Shangazi mmoja alibisha kuhusu mtoto wa nje wa babu mdogo. Ukurasa ulifunguliwa, akanyamaza.

Baada ya maelezo hayo, haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Picha zimetenganishwa na maneno yake.

Hili ndilo kubwa, na ndilo mnalolielewa kidogo kuliko yote. Kwenye albamu zetu majina yalikuwa sehemu mbili: chini ya picha, kwenye ukurasa wenyewe, na nyuma ya picha. Kamati ilipotaka kuandaa maonesho ilibandua picha kwa wembe, ikazipaka gundi, ikazibandika kwenye karatasi za manila. Kwa hiyo maandishi ya chini yamebaki kwenye kurasa tupu za albamu, na maandishi ya nyuma, pamoja na mihuri ya studio iliyotuonesha mji na mara nyingine mwaka, yamefunikwa na gundi. Kijana mmoja wa kamati alituambia kwa nia safi kabisa kwamba "picha zenyewe ziko salama". Picha ya mwanamume aliyevaa koti, asiye na jina, mahali wala mwaka, ina faida gani kwa mjukuu wake?

Watu wa Iringa hatuhitaji kufundishwa hasara ya kitu kilichohifadhiwa bila kibandiko. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alijiua tarehe 19 Julai 1898, Wajerumani wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake ndani ya miezi sita, na likarudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, mikononi mwa Gavana Edward Twining, likapokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa. Huwa tunaisimulia habari hii kama ushindi wa kudai, na ni kweli tulidai. Tunachokisema kwa sauti ya chini ni kwamba Twining alipofika kwenye makumbusho ya Bremen alikuta mafuvu mengi, ikabidi yapimwe na kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, ndipo likachaguliwa moja. Wasomi wanaouliza kama kweli ndilo bado wapo. Lingekuwa na maandishi yake tangu siku ya kwanza, swali hilo lisingekuwepo.

Mfano mwingine uko Rungwe. Wamisionari wa Moravian walifika kule mwaka 1891, na picha walizopiga zimetunzwa vizuri sana huko Herrnhut, Ujerumani. Nyingine siku hizi unaziona kwenye intaneti, kupitia maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California. Ukizifungua utakuta jina la kituo, mara nyingi jina la mmisionari, na wenyeji ni "wanawake", "wanafunzi", "wapagazi". Wale wageni angalau tunaweza kusema hawakujua majina. Ninyi mliletewa majina yakiwa yameandikwa, mkayapaka gundi.

2. Maelezo mapya mliyoyaweka ni ya kubuni.

Kwenye Nanenane, viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, banda lenu lilipambwa kwa baadhi ya picha hizi. Picha ya babu mkubwa, yule wa Burma, iliandikwa "Shujaa wetu wa Vita vya Kagera". Vita vya Kagera vilipiganwa 1978 hadi 1979, na wakati huo mzee alikuwa na wajukuu. Picha ya akina mama wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, siku ya arobaini ya msiba, iliandikwa "Wanawake wajasiriamali wakiwa kwenye kikao". Watu walipita, wakatabasamu, wakapiga selfi. Binti wa marehemu alikuwepo kwenye uwanja uleule, amekwenda kuangalia mbegu za viazi. Hatuamini kwamba mlikusudia kumdhihaki, ila tunaamini hamkuuliza.

3. Hali ya stoo.

Tuliingizwa stoo mara moja na mtumishi mwenye huruma ambaye hatutamtaja. Picha zimo kwenye maboksi ya karatasi za fotokopi, chini kabisa, sakafuni, jirani na mifuko ya mbolea. Nyingine zimefungwa kwa raba bendi, nyingine zimetiwa kwenye mifuko ya nailoni na kufungwa fundo.

Ndugu Mkurugenzi, uso wa picha ya zamani iliyosafishwa studio umetengenezwa kwa gelatini, na gelatini hutoka kwenye mifupa na ngozi za wanyama. Ikipata unyevu inavimba, inanata, kisha inaota ukungu. Kwa hali ya hewa yetu, ambapo mvua zinanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na kule kwenye chai umande hauishi hata kiangazi, mfuko wa nailoni unafungia unyevu ndani pamoja na picha. Raba bendi ikizeeka inayeyuka na kuacha alama isiyotoka. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 hupauka hata zikiwa gizani, kwa hiyo zenyewe hazina muda wa kusubiri taratibu. Za nyeusi na nyeupe ni ngumu zaidi, zingeweza kuwazika wajukuu wetu kama zingeachwa mahali pakavu.

Tuliona pia bunda la picha zilizogandana. Tunaomba, na hapa tunaomba kwa dhati, mtu yeyote asijaribu kuzibandua zikiwa kavu. Mtaalamu huziloweka kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachiane zenyewe. Lakini hapo ndipo ubaya wa gundi na manila unaporudi, kwa sababu maji hayohayo yatakayookoa sura yatafuta maandishi ya wino yaliyo nyuma. Penseli ingehimili, ila wazee wetu wengi waliandika kwa wino. Lazima kila kinachosomeka kisomwe na kupigwa picha kwanza, ndipo maji yaguse kitu.

4. Kalenda.

Picha ya msichana akichuma chai imetokea kwenye kalenda ya ukutani, juu ya nembo ya halmashauri na picha za viongozi. Msichana huyo sasa ni bibi wa watu, yuko hai, na aliiona kalenda hiyo kwenye duka la pembejeo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, kabla kalenda yenu haijachapwa. Mngemuuliza angekubali, na angewaambia hata jina la msimamizi aliyempigia kelele siku ile asimame sawasawa.

5. Daftari.

Hakuna anayetuambia kama lipo. Wa kwanza alisema liko kwa mwenyekiti wa kamati. Wa pili akasema lilipelekwa kuchapwa, wa tatu akauliza "daftari gani?" Picha mojamoja tunaweza kuzilia tukazimaliza, lakini daftari lile halina nakala. Tunataka jibu la maandishi: lipo au halipo, na kama lipo, liko kwa nani.

6. Wanaoweza kuzitambua wanazidi kupungua.

Tangu picha zichukuliwe, tumezika baadhi ya wazee ambao wangeweza kusema huyu ni fulani. Tutazika wengine. Hatuna la kuongeza hapo.

Sasa, tunajua majibu mtakayotupa, kwa kuwa mengine tumeshayasikia kwa mdomo.

Mtasema hakuna fungu. Lakini kurudisha maboksi vijijini hakudai fungu. Gari la halmashauri linafika kwenye kata zetu kila mnapofuatilia mapato ya ndani, na wala hatujawahi kusikia limekosa mafuta siku hiyo. Bahasha za karatasi, penseli na skana iliyopo ofisini vinatosha kuanzia.

Mtasema afisa aliyehusika amehamishwa. Ni kweli, na tunamtakia heri huko aliko. Afisa anahama, ofisi haihami. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 inaziwajibisha ofisi za umma kutunza kumbukumbu zilizo mikononi mwao, bila kujali nani anakalia kiti.

Mtasema tulitoa kwa hiari. Tuliazima kwa hiari. Mtu aliyekuazima jembe hajakupa shamba.

Mtasema mmeshaziskani, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Tumeuliza. Hazikuskaniwa. Zilipigwa picha kwa simu juu ya meza, taa ya dari ikiwaka kwenye kioo cha fremu, kisha zikatumwa kwenye kundi la WhatsApp, ambayo huzibana zikapoteza sehemu kubwa ya ubora wake. Kompyuta mpakato iliyokuwa na nakala nzuri kidogo ilikuwa mali ya mtu binafsi. Na upande wa nyuma, wenye majina, haukupigwa kabisa.

Lipo jibu moja ambalo lina ukweli ndani yake, nami sitalikwepa: kwamba hata zingebaki nyumbani zingeharibika. Ni kweli, nyumba zetu zina mchwa, zina panya, na albamu nyingi zilikuwa darini juu ya moshi wa kuni. Albamu zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu, tulizozinunua kwa mbwembwe miaka ya 1980, zinazila picha taratibu. Wapo waliochoma picha za marehemu kwa hofu, na wapo waliomkata mkwe kwa mkasi baada ya talaka. Familia siyo makumbusho. Lakini nyumbani kulikuwa na kitu ambacho stoo yenu haina: mtu wa kuulizwa. Mtoto alikuwa akichomoa albamu Jumapili baada ya kanisa anauliza "huyu nani?", na kulikuwa na anayejibu, na jibu lilikuwa linakuja na habari nyingine ndani yake, ya ng'ombe, ya deni, ya nani hakualikwa kwenye harusi ile na kwa nini.

Kwa hiyo kwa wenzetu ambao picha zao bado ziko nyumbani, naomba nichepuke kidogo. Keti na mzee wako mwezi huu. Piga picha ya mbele na ya nyuma, zote mbili, mchana karibu na dirisha, bila flashi. Mwambie asimulie, simu ikirekodi, usimkatize hata akitoka nje ya mada. Andika majina kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza, kuanzia kushoto kwenda kulia. Weka kila picha kwenye bahasha ya karatasi, usitie nailoni, na usikubali mtu wa steshenari akushawishi kuilaminisha, maana joto na gundi ile havitoki tena. Kisha nunua kaunta buku. Mzee akisema "mwaka wa nzige", andika hivyohivyo alivyosema, mwaka wa tarakimu utatafutwa baadaye. Nakala moja mpe ndugu anayeishi mji mwingine.

Tunarudi kwenu, wakubwa wetu. Tunayoyaomba ni haya.

Kwanza kabisa, jibu la maandishi kuhusu daftari na orodha kamili ya vitu vyote mlivyonavyo, boksi kwa boksi, hata vile msivyojua ni vya nani. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi za kata.

Pili, kuanzia leo kitu chochote kisibanduliwe, kisikatwe, kisisafishwe wala kulaminishwa mpaka aje mtu mwenye ujuzi. Shirika la Makumbusho ya Taifa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa wapo kwa kazi hiyo. Andikeni barua kuomba ushauri wao, nasi tupewe nakala ya barua hiyo. Maboksi yatoke sakafuni leo hii, yawekwe juu ya meza, mbali na mbolea. Hili la maboksi halina haja ya kikao.

Tatu, fanyeni vikao vya utambuzi kwenye kata, picha na kurasa za albamu zikiwa mezani pamoja. Kurasa zile tupu msizione takataka, zina mwandiko na zina alama ya ukubwa wa picha iliyokuwepo, na shangazi mmoja mwenye macho anaweza kuzilinganisha asubuhi moja. Wazee waje, wapewe chai, waulizwe. Karani aandike wanavyosema. Pale wanapobishana, yaandikwe yote mawili.

Nne, baada ya utambuzi picha ziskaniwe vizuri, mbele na nyuma, kwa kiwango kisichopungua dpi 600 kwa zile ndogo. Nakala apewe mwenye picha, na asili yake irudi nyumbani kwake. Familia itakayopenda nakala iende mahali pa umma, kwa mfano maktaba ya mkoa au makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwenye boma la zamani la Wajerumani mjini Iringa, itie saini yenyewe, kwa masharti yake. Sisi wa ukoo wetu tutatia saini. Hatupingi historia yetu kuonwa na watu. Tunapinga ionwe ikiwa imekatwa majina.

Tano, maelezo ya Nanenane yasahihishwe hadharani, na mama wa kwenye kalenda aendewe nyumbani, siyo aitwe ofisini, aombwe radhi. Nani aende, tunawaachia ninyi, ila asiende mtu wa kujitolea asiyejua kisa.

Kitabu cha historia ya wilaya kikiandikwa siku moja, tutafurahi na tutachangia. Lakini kisiandikwe na mtu ambaye hajakaa kwenye vikao hivyo.

Tunaomba vitu viwe vimetoka stoo kabla mvua za Novemba hazijaanza. Barua hii tumeileta pia masjala kama maombi rasmi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inawapa siku 30 za kujibu. Zikipita kimya, tutapeleka malalamiko kwa Mkuu wa Mkoa na kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hatupendi kufika huko. Baadhi yenu ni watoto wa vijiji hivihivi, na inawezekana kabisa kwamba kwenye boksi mojawapo bibi yako, Mheshimiwa Diwani, yumo, na maandishi chini yake yanasema "mkulima wa mfano".

Wazee walio tayari kutambua picha tumeshawaorodhesha, kata kwa kata, na waliodhoofika tumepanga nani atawabeba kwa bodaboda. Tuambieni siku na mahali. Kama ukumbi hauna viti, tutakuja navyo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi, kwa niaba ya familia zilizotoa picha, albamu na madaftari

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Afisa Utamaduni wa Halmashauri
Watendaji wa kata husika
Mbao za matangazo, vijiji vyote vilivyopitiwa na kamati